Kushuhudia roketi ikirushwa usiku: je, inafaa kusafiri saa saba na watoto pamoja na bibi yao?

Baba Wawili, Georgia:

Habari za wakati huu, ndugu zangu.

Mimi na mke wangu tunaishi karibu na jiji la Atlanta, na kwa sasa mama yangu mzazi yuko nasi, ametoka Tanga kuja kuwaona wajukuu. Jioni moja wanangu walimwonyesha kwenye simu roketi ikirushwa usiku kutoka Florida, na tangu siku hiyo anataka kujua kama ule moto huonekana vivyo hivyo kwa macho, na kama raia wa kawaida huruhusiwa kuusogelea. Kutoka kwetu hadi mji wa Titusville, unaotazamana na Kituo cha Anga cha Kennedy, ni mwendo wa takriban saa saba kwa gari. Ninasita, kwa sababu nasikia roketi huahirishwa hata dakika za mwisho, na kuwakesha watoto wawili na bibi yao kando ya maji kwa jambo ambalo huenda lisitokee si uamuzi mwepesi.

Naomba waliokwisha kushuhudia wanieleze mambo mawili. Kwanza, ni kitu gani hasa kinachowafanya watu washangilie na wengine kutokwa na machozi, ilhali matangazo ya moja kwa moja kwenye intaneti huonyesha roketi kwa ukaribu ambao mtazamaji wa pale hawezi kuupata? Pili, je, usiku ni bora kuliko mchana, au sifa zake zimetiwa chumvi?

Jirani wa Indian River:

Ndugu yangu, mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie kwamba hahitaji kibali cha mtu yeyote. Ninaishi Titusville, na ufukwe wetu umejaa bustani za wazi ambako watu huketi na viti vyao kuitazama roketi ng'ambo ya pili ya maji. Indian River huitwa mto, lakini kwa kweli ni mkono mpana wa bahari, na hakuna mlima wala jengo refu linaloziba upeo wa macho kuelekea jukwaa namba 39A, moja ya yale yanayorushia roketi.

Swali lako la kwanza ndilo lililonifanya niandike. Ufukweni kwetu tuko umbali wa kilomita zipatazo 20 kutoka jukwaa hilo. Mwanga hutufikia papo hapo, lakini sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo huchukua karibu dakika nzima kuvuka maji. Kamera za matangazo zimewekwa karibu na jukwaa pamoja na vinasa sauti vyake, kwa hiyo anayetazama simu hupokea moto na ngurumo kwa wakati mmoja, mambo ambayo kwa mtu wa ufukweni hutengana kabisa. Unaona upeo mzima wa mashariki ukigeuka rangi ya machungwa, mawingu yanang'aa upande wa chini, maji yanabeba mwanga hadi miguuni pako, roketi inainuka na kuuacha mnara wake, na muda wote huo husikii chochote isipokuwa watu waliokuzunguka. Kisha, roketi ikiwa imekwisha kupanda juu sana, ndipo ngurumo inapowasili kutoka mahali ambapo roketi haipo tena. Nimewaona watu wazima wakigeuka nyuma kuitafuta.

Na ngurumo yenyewe si ya kusikia kwa masikio tu. Sehemu kubwa yake ni mawimbi mazito ya chini ambayo spika ya simu haina uwezo wa kuyatoa. Unayasikia kifuani, na vioo vya magari yaliyoegeshwa huanza kutetemeka. Mwanga nao huharibiwa na kamera kwa namna yake: moto huwa baka jeupe, ilhali jicho linauona mng'ao wenyewe, mkali kiasi kwamba wengine hukinga uso kwa mkono.

Baada ya takriban dakika mbili na nusu injini za sehemu ya kwanza, yaani kipande cha chini cha roketi, huzimwa, na kwa sekunde chache giza hurudi, hata wageni hudhani kwamba kumetokea hitilafu. Kisha nukta ndogo ya sehemu ya pili huwaka na kuendelea na safari. Ikiwa sehemu ya kwanza imepangiwa kurudi kutua nchi kavu, msiondoke, kwani takriban dakika nane baada ya kurushwa mtaiona ikiwasha injini tena huku ikishuka, na muda mfupi baadaye mtasikia mishindo mikali ya kuvuka kasi ya sauti. Waandae watoto kwa mishindo hiyo. Roketi ya Falcon 9 ilipofanikiwa kurudi na kutua kwa mara ya kwanza, tarehe 21 Desemba 2015, ilikuwa usiku, na ilirushwa saa mbili na dakika 29 kutoka hapa hapa Cape Canaveral. Hata hivyo, nyingi za siku hizi hutua juu ya meli baharini, mbali na macho yetu.

Mpigapicha wa Alfajiri:

Ninamheshimu jirani, lakini kuhusu swali la pili sikubaliani na wanaousifu usiku wa manane bila masharti. Usiku huoni roketi, unaona moto wake. Ukiwa na darubini mchana utaona umbo zima, mvuke unaotiririka ubavuni kutokana na oksijeni ya kimiminika iliyo baridi mno, na moshi unaobaki angani ukipindwa na upepo. Kwa mtoto anayetaka kujua roketi ni chombo cha namna gani, mchana una mafunzo zaidi.

Tena mioto yenyewe hailingani. Roketi inayotumia mafuta ya taa, kama Falcon 9, hutoa mwali wa rangi ya machungwa kwa sababu ya chembe za masizi zinazowaka ndani yake. Ile inayochoma haidrojeni pekee hutoa mwali hafifu wa samawati ambao ni vigumu kuuona mchana. Zinazong'aa kupita zote ni zile zenye mitungi ya fueli ngumu iliyochanganywa na unga wa alumini, na ndiyo sababu waliozishuhudia ndege za anga za Marekani (space shuttle) zikirushwa usiku huzikumbuka hadi leo kwa ule mng'ao mweupe.

Kama ungeniuliza mimi, ningekuambia utafute roketi inayorushwa muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza. Wakati huo ninyi mliopo ardhini mko gizani, lakini roketi ikishapanda makumi ya kilomita hukutana na jua ambalo kwenu halionekani. Gesi inayotoka kwenye injini hutanuka sana kule juu ambako hewa ni haba, nayo ikipigwa na jua huwa mfano wa kiwavi-bahari mkubwa wa rangi ya samawati na nyeupe, anayeogelea kuelekea upeo wa macho. Tarehe 22 Desemba 2017 roketi iliyorushwa kutoka Vandenberg, California, saa kumi na moja na dakika 27 jioni, ilifanya hivyo juu ya Los Angeles, na watu wengi ambao hawakuwa na habari waliamini kwamba wanatembelewa na viumbe wa sayari nyingine.

Jambo moja kuhusu kamera, kisha ninyamaze. Kama unataka ile picha ya upinde wa moto, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, uache lenzi wazi dakika mbili au tatu, na usiiguse tena. Ukiishika simu mkononi utarudi nyumbani na video inayotikisika, na roketi utakuwa umeitazama kupitia kioo kama ulivyofanya sebuleni kwako.

Mwalimu wa Kilifi:

Ninawafuatilia kutoka Pwani ya Kenya. Naona mmemjibu ndugu kuhusu macho na masikio, lakini hofu yake ya kuahirishwa haijaguswa, nami kwa maoni yangu hiyo ni sehemu ya kile kinachowaliza watu.

Saa ya kurusha haipangwi kwa ajili ya watazamaji. Chombo kinachokwenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa mfano, hurushwa pale dunia inapozunguka na kuileta Florida chini ya njia ya kituo hicho, na wakati huo huja mapema zaidi, kwa zaidi ya dakika 20, kila siku. Ukikosekana, hata kwa sekunde chache, husubiriwa siku nyingine. Ongeza upepo, mawingu mazito na hatari ya radi, ambayo haichukuliwi kwa mzaha tangu Apollo 12, moja ya safari za Marekani za kwenda mwezini, ilipopigwa na radi mara mbili ndani ya dakika moja ya kwanza, mwezi Novemba 1969. Basi anayesimama ufukweni hana hakika ya lolote mpaka aone moto.

Apollo 17 ndiyo ilikuwa safari ya kwanza ya wanaanga wa Marekani kuanza usiku. Ilipobaki nusu dakika tu, mtambo uliokuwa ukiongoza hesabu ya kurudi nyuma ulijisimamisha, na umati unaokadiriwa kufikia watu laki tano ukasubiri saa mbili na dakika 40 bila kujua kama usiku ule ungezaa kitu. Saa sita na dakika 33 usiku wa tarehe 7 Desemba 1972, roketi yenye urefu wa mita 111 hivi iliondoka, na mwanga wake ukaonekana mamia ya kilomita kutoka hapo. Miaka kumi na kitu baadaye, tarehe 30 Agosti 1983, Challenger ilikuwa ndege ya anga ya kwanza kurushwa usiku. Dhoruba ya radi iliichelewesha kwa dakika 17, na miongoni mwa waliokuwa ndani alikuwamo Guion Bluford, Mmarekani Mweusi wa kwanza kufika anga za juu. Artemis I, safari ya majaribio ya kuzunguka mwezi bila watu, nayo iliahirishwa mara kadhaa mwaka 2022, na hata usiku wa mwisho, tarehe 16 Novemba, ilibidi mafundi watatu waende chini ya roketi iliyokuwa imejazwa mafuta ili wakaze nati za vali iliyokuwa ikivuja haidrojeni. Ilirushwa saa saba na dakika 47 usiku. Waliokuwa wamerudi makwao katika majaribio ya nyuma bila shaka waliumia.

Sisi Wakenya tuliyaonja hayo kwa mbali. Setilaiti yetu ya Taifa-1 iliahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa kabla ya kurushwa kutoka Vandenberg mwezi Aprili 2023. California ilikuwa saa tano na dakika 48 usiku, na kwetu ilikuwa saa tatu na dakika 48 asubuhi ya tarehe 15, kwa hiyo tulikunywa chai tukitazama usiku wa watu wengine. Nilishangilia, sikatai, lakini macho yalikuwa kwenye kioo, na baada ya kusoma maelezo ya jirani kuhusu dakika ile ya ukimya ninaelewa nilichokosa.

Baba Wawili, Georgia:

Ninawashukuru nyote, na mama amesomewa kila neno. Mwalimu amemwogopesha kidogo kwa habari za kusubiri, lakini jirani amemrudisha. Naomba nifafanuliwe mawili yaliyobaki: nipunguze vipi uwezekano wa kurudi mikono mitupu, na je, kishindo hicho hakina madhara kwa mtu wa umri wake?

Jirani wa Indian River:

Kwa umbali wa kilomita 20 ngurumo ya Falcon 9 haina madhara. Ni nzito, si ya kupasua masikio. Kama mishindo ya kutua itamsumbua mama, chagua roketi ambayo sehemu yake ya kwanza itatua baharini.

Kuhusu kurudi mikono mitupu, usiifunge safari kwa roketi moja. Mwaka 2024 pekee pwani hii ilirusha roketi zaidi ya 90, kwa hiyo mkija kukaa siku nne au tano, uwezekano wa kukuta angalau moja ni mkubwa, ingawa si lazima iwe ya usiku. Zile zinazobeba setilaiti za intaneti huwa na nafasi ya saa kadhaa, hivyo wingu likipita huweza kusogezwa mbele usiku uleule.

Chunguza sana tarehe. Saa za Atlanta na za hapa ni zilezile, lakini matangazo mengine hutolewa kwa saa za kimataifa, ambazo ziko mbele yetu kwa saa tano majira ya baridi na saa nne majira ya joto. Roketi iliyotangazwa kwa saa saba usiku tarehe 10 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 10, yaani mnapaswa kuwa mmeketi ufukweni tangu jioni ya tarehe 9. Kila mwezi ninakutana na familia iliyofika ikiwa imechelewa siku nzima.

Ufukwe wa Playalinda, ambao wengi watakutajia kwa sababu uko karibu zaidi, hufungwa usiku, kwa hiyo msiutegemee. Njooni Space View Park au kando ya daraja la Max Brewer, mbebe kiti chenye mgongo kwa ajili ya mama na dawa ya mbu kwa wote, kwa sababu mbu wa hapa hawana adabu. Roketi ikishaondoka msikimbilie gari, kwani barabara zote hujaa kwa pamoja. Kaeni mnywe chai kwenye chupa mliyokuja nayo, na mkiniandikia siku mbili kabla nitawaelekeza mahali ambapo mama atakaa bila kupanda ngazi.