Wadau wa Dodoma tupeane uzoefu: Taifa Stars ilikutesa lini mpaka ukaapa basi?

Mtoto wa Kizota: Jana napanga kabati nikakutana na jezi yangu ya Stars, imepauka hata nembo haionekani, roho ikaniuma ghafla. Mimi niliapa siku ya zile 7 za Algeria, Novemba 2015. Siku tatu nyuma tuliwaongoza 2-0 pale Taifa wakarudisha zote, nikasema poa, ugenini tunakaza. Tukakaza kweli. Shusheni zenu.

Mzee Makole: Nyie watoto. Mimi bao la Peter Tino kule Ndola 1979 nililisikia redioni, tukaenda Lagos 1980, halafu nikakaa miaka 39 nasubiri AFCON nyingine. 7 ndo nini?

Bahi Road: Shikamoo mzee 😂

Nkuhungu Finest: Ngoja niwape yangu. Januari 2024, sisi na Zambia, nipo kibanda umiza, jero yangu nimelipa, watu tumebanana kama dagaa. Dakika ya 11 Msuva huyo kambani, kibanda nusu kianguke. Kabla ya mapumziko Zambia wakala nyekundu, wapo kumi, mi nishaanza kupiga hesabu za kundi. Dakika ya 85 au 86 hivi umeme pap, giza, si mnakumbuka mgao wa kipindi kile. Simu imezima tangu jioni. Tukasema aaah dakika tano hizi, hawa wapo kumi, mechi imeisha hiyo. Nikanunulia vijana wawili nisiowajua chipsi mayai kwa mwanga wa tochi. Sasa pale mtaani kuna mzee mmoja anafanya biashara zake Tunduma, yeye na Zambia damu damu, nikaenda hadi mlangoni kwake nikaimba, nikacheza, nikamgongea geti kwa ufunguo. Katoka taratibu na redio yake ya betri kwapani, hana hata hasira. Akaniambia, "Mwanangu, Daka kasawazisha dakika ya 88. Karibu ndani unywe maji."

Mama Junior: 😭😭😭 karibu unywe maji

Bahi Road: Na uliingia??

Mpwapwa One: Tatizo la Stars ni Usimba na Uyanga, mchezaji akikosea mnaangalia kwanza anatoka wapi.

Area D: Ushaanza. Mbona 2019 tulivyompiga Uganda 3-0 hukuuliza nani wa wapi? Msuva, Morris na penalti yake, Nyoni.

Mpwapwa One: Penalti alipiga Nyoni. Morris alifunga kwa kichwa. Hata mechi hukuangalia.

Area D: Nilikuwepo uwanjani wewe!

Mzee Makole: Kichwa. Tulia kijana.

Mama Junior: Ushauri wangu, msiangalie laivu. Mi namtuma mume wangu akaangalie, akirudi anapiga mluzi najua tumeshinda, akiuliza chakula kiko wapi simsemeshi.

Kongwa Mbuzi Choma: Uongo, ukiacha kuangalia ndo wanafungwa. Novemba 2024 nilipanda SGR asubuhi kwenda kuwaona na Guinea, Msuva 1-0 tukafuzu. Nisingeenda je?

Mtoto wa Kizota: Kwa hiyo Morocco walivyotutoa CHAN kwa Mkapa ulikuwa wapi?

Kongwa Mbuzi Choma: Msibani.

Bahi Road: Nkuhungu hujajibu, uliingia au hukuingia?

Nkuhungu Finest: Niliingia. Maji yalikuwa ya mtungini, baridi kabisa. Ila hela ya chipsi bado inaniuma.