Nipo Boko, nataka sehemu ya kutembea msituni na familia wikendi: Pande, Pugu au nibaki ufukweni?

Kitambi Kwaheri
Habari za wikendi wakuu. Niende kwenye mada moja kwa moja. Nakaa Boko hapa Dar, nina wife na madogo wawili, mkubwa yupo darasa la 6 mdogo la 3. Daktari kaniambia nitembee sana, gym imenishinda, kukimbia juu ya mashine huku unatazama ukuta siwezi kabisa, na hapa mtaani ukitembea ni vumbi na bodaboda tu. Nikiulizia naambiwa Pande, wengine Pugu, wengine wanasema tembea beach Kunduchi bure. Halafu kuna jamaa kazini kanikazania niende Morogoro nikapande mlima Lupanga. Mimi nataka kutoka asubuhi na saa 8 mchana niwe home nakula, madogo wasichoke mpaka kubebwa. Gari ninayo ila ni ya chini. Nianze na ipi?

Komba wa Minaki
Pugu mkuu, usizunguke. Jina lake kamili ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu Kazimzumbwi, ipo chini ya TFS, wale wakala wa misitu, unalipia kwa kontroo namba na unapewa mtu wa kukutembeza. Njia zipo wazi, kuna bwawa la Minaki, kuna mapango yenye popo, na vilima vyenyewe sio vya kutisha, juu kabisa ni kama mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari. Madogo watapanda wakicheka.

Dada wa Tegeta A
Pugu nzuri sikatai ila huyu yupo Boko jamani, mbona hamuangalii foleni? Asubuhi atafika vizuri, kimbembe ni kurudi. Akipitia Mwenge jumamosi mchana hiyo saa 8 ataila kwenye gari.

Komba wa Minaki
Asipite Mwenge. Apite Bunju, Mabwepande, Mpiji Magohe atokee Mbezi, ashuke Malamba Mawili, Kinyerezi, Banana, halafu Pugu Road moja kwa moja mpaka Pugu.

Dada wa Tegeta A
Sasa hapo kashapita Pande na kuiacha 😂

Mzee wa Kupwa na Kujaa
Nyie mnabishana barabara, mimi niongelee beach maana watu wanaidharau. Kutembea mchangani ni mazoezi mazito kuliko mnavyodhani, na kwa mtu wa Boko ni pua na mdomo. Ila usiende kichwakichwa. Bamvua, yaani mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanakupwa sana kama saa 4 asubuhi, hapo mchanga unakuwa mpana na mgumu, unatembea raha mustarehe. Wiki inayofuata maji ni mafu na saa hiyohiyo unakuta bahari imekaribia kuta za mahoteli, huna pa kupita. Na pale Kunduchi kuna mkondo wenye mikoko, usimwambie mtoto "tuvuke tu ni magotini", maji yakianza kujaa yanakuja haraka. Tembea upande mmoja, geuka, rudi. Ukipata nafasi wapeleke madogo kwenye magofu ya Kunduchi, kuna msikiti wa zamani na makaburi yenye nguzo.

Bwana Upupu
Nimewahi kukaa jirani na Pande nikwambie. Ni pori la akiba tangu 1990, lipo chini ya TAWA, wale mamlaka ya wanyamapori, kwa hiyo hata kama nyumba zimelifikia usijiingilie tu kwa uchochoro, pita getini ulipie, na ulizia kabisa siku hiyo wanaruhusu kutembea kwa miguu upande gani. Ni tambarare karibu lote, zuri kwa mtoto wa la 3. Ila masika usiende na kigari chako cha chini, ile njia inageuka tope. Kiangazi nako kuna upupu, vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, madogo wasishike maganda yenye manyoya. Mvua zikianza angalia siafu, na ukirudi home kagueni kupe.

Komba wa Minaki
Hapo kwa upupu umesema kweli, Pugu pia upo. Kuhusu Lupanga mwambie jamaa yako akae kimya. Ni zaidi ya mita 2,100 na Morogoro mjini ipo kama mita 500, piga hesabu mwenyewe, ni siku nzima, na kinachoua magoti ni kushuka. Mkitaka Morogoro chukueni SGR, ndani ya saa 2 mmefika, mpande mlimani mpaka Choma au Morningside tu, mrudi jioni. Lakini hiyo ni baada ya miezi kadhaa ya kujizoesha.

Kitambi Kwaheri
Nimewaelewa wakuu. Basi wikendi ijayo Pande maana mvua bado, bamvua likija Kunduchi, Pugu tutaweka siku ambayo hatuna haraka. Swali moja, yule dogo wa la 3 ana pumu, yale mapango ya Pugu aingie?

Komba wa Minaki
Hapana. Kinyesi cha popo mle ndani hewa yake ni nzito hata kwa mzima, na vumbi lake sio zuri kwa mapafu. Mkubwa aingie na baba yake na muongozaji, mdogo abaki nje na mama, kuna kima kibao kwenye miti ya kuangalia. Na inhela iwe mfukoni kwa mama, sio kwenye gari.

Dada wa Tegeta A
Maji pia beba ya kutosha, usitegemee duka msituni. Na hiyo ya Pande ukienda tupe mrejesho wa barabara, na mimi nina kigari cha chini.