Siku mbili kwenye mji wa kale, nianzie wapi?

Swali: Wakuu, ni mara yangu ya kwanza kwenda mji wa kihistoria, tena siku mbili tu. Nichukue mwongoza watalii au nijizungukie mwenyewe?

Jibu: Mkuu, asubuhi ya kwanza tembea naye kwa miguu. Yale matembezi “ya bure” si ya bure kihivyo, mwongozaji anategemea bakshishi, weka chenji mfukoni. Mchana potelea vichochoroni peke yako. Ila angalia kwanza siku za kufungwa: Louvre, yale makumbusho ya Paris, hufunga Jumanne, Makumbusho ya Vatican karibu Jumapili zote. Tiketi nunua kwenye tovuti yao, walanguzi hawakosekani mlangoni.

Chakula: menyu ya picha, lugha sita, na kijana anayekuvuta mkono? Pita. Nenda mitaa miwili nyuma ya uwanja mkuu, walipokaa wenyeji.

Jibu: Beba na shali. Basilika la Mtakatifu Petro, lile kanisa kubwa la Vatican, ukiwa mabega wazi wanakurudisha mlangoni.

Muuliza: Na yale mabasi ya ghorofa ya kuzungusha watalii?

Jibu: Kama miguu inasumbua, sawa. Lakini mitaa mikongwe ni myembamba, basi haliingii. Utaishia kuona kuta kwa nje.