Tupeane uzoefu: umewahi kutia nini cha nyumbani kwenye udongo wa bustani yako, na mimea ikajibu vipi?

Mama wa Ndoo (Sinza)

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaishi katika nyumba ya kupanga, na uwanja wake ni saruji kutoka ukuta hadi ukuta, kwa hiyo bustani yangu yote imo ndani ya ndoo ishirini na mbili za rangi nilizozitoboa chini. Nilizijaza udongo niliouziwa na kijana wa mkokoteni kwa jina la udongo mweusi, ambao mvua mbili tu za vuli zilitosha kuonyesha kwamba ulikuwa mchanga wa kawaida uliochanganywa na vumbi la mkaa.

Nikaanza kulitazama jiko langu kwa jicho jingine. Kila asubuhi nilizoa majivu ya mkaa na kuyamwaga katika ndoo za mchicha, nikiamini kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru. Kufika wiki ya tatu majani machanga yaligeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na mchicha ukadumaa kabisa. Bwana shamba mmoja mstaafu, jirani yangu, aliniuliza ndoo ya lita ishirini ninaitia majivu kiasi gani, na nilipomjibu kwamba ni kopo zima kwa siku, alishika kichwa. Alinieleza kwamba majivu yana potasiamu na kalisi, lakini pia hupunguza asidi ya udongo, na yakizidi, madini kama chuma na zinki huwa yamo lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Sasa ninatia kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo, mara moja kwa msimu, na kamwe siyachanganyi na samadi mbichi ya kuku, kwa sababu naitrojeni hupotea hewani. Harufu ile inayochoma pua ndiyo mbolea yenyewe inayoondoka.

Ninaomba kila mmoja aeleze alichokitia kwa mkono wake, si alichokisikia, na asione haya kusema kilichoharibika.

Mkuna Nazi (Kigamboni)

Mleta mada, pole kwa mchicha. Mimi ninakaa karibu na bahari, kwenye mchanga ambao ukiumwagilia asubuhi, ikifika adhuhuri mpita njia hawezi kuamini kwamba ulipata maji. Nyumbani kwetu nazi hukunwa karibu kila siku, kwa hiyo machicha na makumbi hayajawahi kutupungukia.

Machicha ndiyo yaliyonitia aibu. Niliyafukia yakiwa mabichi chini ya bilinganya, kina cha vidole vinne tu, na usiku wa pili panya walifukua miche mitano hadi mizizi. Yaliyosalia yaligeuka madonge yenye uchachu, kwa sababu tui halitoki lote hata ukikamua mara tatu, na mafuta yanayobaki huzuia hewa na maji kupita. Siku hizi machicha ninawapa kuku, nami ninasubiri kinyesi chao. Njia ni ndefu kidogo, lakini mayai hupatikana humo humo.

Makumbi ni habari nyingine, ingawa nayo niliyaanza vibaya. Niliyachambua kwa panga nikapata nyuzi na unga wake wa kahawia, nikachanganya na mchanga na samadi kidogo, kisha nikapanda pilipili hoho. Ncha za majani zikaungua kama zilizopitishwa juu ya moto. Kumbe makumbi yana chumvi zake, hasa yakitoka minazi ya pwani, na maji ya kisima changu nayo yana chumvi (wenzangu wa Kigamboni wananielewa), hivyo nilikuwa ninaongeza chumvi juu ya chumvi. Sasa ninayakusanya kabla ya masika na kuyaloweka katika pipa la maji ya mvua, ninabadilisha maji mara tatu au nne, na maji ya kwanza hutoka na rangi ya chai iliyokolea. Yakianza kutoka meupe, ndipo ninayatumia. Hoho zile zilizohitaji maji asubuhi na jioni sasa zinavumilia siku nzima na kuingia ya pili. Lakini mtu asidhani kwamba makumbi ni chakula cha mmea. Kazi yake ni kushika maji, na samadi lazima iwepo.

Jirani wa Feri (Kivukoni)

Mimi ni utumbo na vichwa vya samaki, chini ya mipapai. Mara ya kwanza nilifukia juu juu, paka wa mtaa mzima wakafanya mkutano usiku kucha. Sasa ninachimba zaidi ya futi moja, ninafunika kwa udongo na kuweka jiwe juu, na mipapai imenenepa shina hadi wageni wanauliza. Mabaki ya ng'onda siyatumii kwa sababu ya chumvi.

Kinyozi Mstaafu (Buguruni)

Nimenyoa watu kwa miaka kumi na minane, na kila jioni nilikuwa ninatupa gunia dogo la nywele mpaka nilipoelezwa kwamba nywele za binadamu zina naitrojeni ya takribani asilimia 15, kiwango ambacho samadi ya kawaida haikaribii. Nikazipeleka kwenye tuta la mchicha kwa furaha kubwa. Hakuna kilichotokea, isipokuwa zilijisokota zikawa kama mkeka na maji yakawa yanateleza juu yake. Protini ya nywele huoza taratibu mno, wakati mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo mboga ilikwisha kuliwa kabla chakula chake hakijaiva. Mgomba unaweza kusubiri. Ninazitawanya kidogo kidogo ndani ya shimo la mgomba pamoja na kinyesi cha kuku na majani mabichi, nami baada ya miezi kadhaa sizioni tena.

Onyo langu ni moja. Niliwahi kupokea taka za saluni ya jirani bila kuzichambua, na ndani yake mlikuwa na rasta, ambazo si nywele bali ni plastiki. Mwaka wa pili sasa bado ninaokota nyuzi za zambarau katika shamba langu. Nywele zilizotiwa dawa nazo ninaziacha.

Shamba la Mawe (Tegeta)

Ninamshukuru mleta mada kwa kusema ukweli kuhusu majivu, kwa sababu huku kwetu kutia majivu kungeleta maafa. Eneo letu, kuelekea Wazo, lina mawe ya chokaa ya matumbawe, yale yale yanayochimbwa kutengenezea saruji, kwa hiyo udongo wangu hauhitaji kupunguziwa asidi hata chembe.

Nyanya zangu zilikuwa zinaoza kitako, nikasoma kwamba ni upungufu wa kalisi. Nikafanya makubaliano na muuza chipsi wa kituoni anitunzie maganda ya mayai, nikayakausha juani, nikayatwanga kwenye kinu hadi yakawa unga, na nikatia konzi mbili kwa kila shina. Nyanya ziliendelea kuoza vile vile. Ilinichukua msimu mzima kuelewa kwamba kalisi ilikuwa tele chini ya miguu yangu, ila husafiri kwenda kwenye tunda pamoja na maji, na maji kwetu yalikuwa ya mgao: siku nne ukame, siku ya tano gharika. Niliponunua pipa, nikawa ninamwagilia kiasi kile kile kila siku na kufunika ardhi kwa maboksi na majani makavu, tatizo likapungua sana bila ganda hata moja. Katika ndoo za Mama wa Ndoo, ambazo hazina mawe, unga wa maganda unaweza kufaa, lakini uwe laini kama wa sembe, na asitegemee matokeo ya mwezi huu.

Chenga (Tabata)

Nimesita kuandika, lakini mmeshafika kwenye nywele. Mimi ninatumia mkojo wa nyumbani kwangu, kipimo kimoja kwa vipimo kumi vya maji, ninaumwaga kwenye udongo na si juu ya majani. Kwa kuwa ninataka upite mwezi kati ya kumwaga na kuvuna, matembele yanayochumwa kila wiki siyagusi. Ninaupeleka kwa migomba. Mtu akiwa kwenye dozi ya dawa, wake haukusanywi.

Pia ninazinunua chenga za mkaa zinazobaki chini ya magunia. Nilizitia kavu mara ya kwanza na figiri ikapauka, kwani mkaa mkavu hunyonya chakula kilichomo kabla ya kukishika kwa faida ya mmea. Sasa ninaziloweka wiki mbili katika mchanganyiko ule ule wa mkojo, kisha ninazifukia kwenye mashimo ya migomba kabla ya mvua.

Mama wa Ndoo (Sinza)

Ahsanteni sana, kaka na dada zangu. Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu majani ya chai: mimi nilikuwa ninapika chai sukari ikiwa ndani ya sufuria, na ndoo zangu zilijaa sisimizi kwa siku mbili, hivyo sasa ninachuja kwanza ndipo ninatia sukari.

Kuhusu makumbi, nimepata gunia moja kwa muuza madafu na leo ni siku ya nne ya kuyaloweka. Maji ya kwanza yalikuwa meusi kuliko nilivyotarajia. Mwenye nyumba amechungulia ndani ya pipa na kuniuliza kama nimeanza biashara ya pombe, nami nimemwahidi fungu la kwanza la mchicha ili aliache pipa lilipo.