Mjadala: Mwindaji mdogo wa kubuniwa wa Kitulo atokane na pimbi au minde?

Mtoa mada (Mbeya):
Ndugu zangu, naomba tujadili kiumbe wa kubuniwa: mwindaji asiyezidi ukubwa wa paka, anayeishi miaka milioni kadhaa ijayo katika uwanda wa Kitulo na misitu ya Mlima Rungwe, baada ya wanyama wala nyama wa leo kutoweka, na ambaye babu yake alikuwa mla majani. Msimamo wangu ni kwamba babu huyo awe pimbi. Tayari ni mdogo, hupanda miamba na miti kwa wepesi, na meno yake mawili ya mbele ya juu ni marefu, yana ncha, nayo hayaachi kukua.

Mchangiaji (Iringa):
Ndugu mtoa mada, meno ya pimbi yanatisha kweli, lakini sikubaliani nawe, kwa sababu unaanzia mdomoni ilhali mla majani huanza kugeuka kwa tabia. Pimbi hujitengenezea joto kidogo mwilini, ndiyo maana huota jua asubuhi kabla ya kwenda kula, na sioni jinsi mwili wa namna hiyo ungevizia mawindo katika baridi ya Kitulo. Minde amekwisha kuanza safari. Mnyama huyu wa jamii ya funo, yaani swala wadogo wa msituni, anayepatikana Tanzania pekee, aliwahi kunaswa na kamera ya kutegwa katika milima yetu ya Udzungwa akiwa na chura mdomoni.

Kizuizi kikubwa ni tumbo. Minde ni mcheuaji mwenye matumbo manne kama ng'ombe, na vijidudu vya tumbo lake la kwanza, ambavyo ni hazina anapokula majani, vingevunjavunja protini nyingi ya nyama na kuigeuza amonia kabla mwili haujaifaidi. Hata hivyo, njia ya kulikwepa tumbo hilo ipo tangu utotoni. Watazameni ndama wa wafugaji wa Rungwe na Njombe: maziwa wanayonyonya hupita katika mfereji maalumu kuelekea tumbo la nne, na tumbo la kwanza hubaki dogo mpaka waanze kula majani. Watoto wa minde ambao wangechelewa kuupoteza utoto huo wangefaidi zaidi vyura, wadudu na vifaranga, na kizazi baada ya kizazi umbo lingepungua, kwa kuwa mawindo madogo hayamtoshi mnyama wa kilo 50.

Mtoa mada (Mbeya):
Hoja ya ndama ni nzito, nami naiheshimu. Lakini minde, kama ng'ombe, hana meno ya mbele ya juu. Ana ufizi mgumu tu. Chura anaweza kutafunwa kwa magego na kumezwa, ila panya hujitetea kwa kuuma. Kama, kwa kukosa meno hayo, mwindaji wako ataua kwa kwato, tueleze atamshikaje panya anayekimbilia shimoni, maana hapo pimbi, mwenye nyayo laini zinazonata kwenye mwamba, bado ana nafasi.