Tupeane uzoefu: paka anayeuguzwa kwa muda mrefu, ulijuaje kuwa kinachomsumbua ni dawa na si ugonjwa?

Mleta mada

Ndugu wafugaji, salaam. Ninaandika nikiwa katika mwezi wa saba wa kumuuguza paka wangu jike mwenye umri wa miaka 14, na ningependa kusikia kutoka kwa waliopitia njia hii jinsi walivyotambua kwamba jambo lililompata mgonjwa wao lilitokana na dawa na wala halikuwa ugonjwa unaozidi. Daktari humwona paka kwa nusu saa. Zilizobaki ni zetu, hasa zile za usiku.

Wangu alianza kukonda huku akila kuliko alivyowahi kula. Aliporomoka kutoka kilo 4.6 hadi 3.5, akawa hatulii, na usiku akazunguka nyumba akilia kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba tezi ya thairoidi, ile iliyoko shingoni, inatoa homoni kupita kiasi, maradhi yanayowapata sana paka waliovuka miaka 10. Akaandikiwa vidonge vya methimazoli, asubuhi na jioni. Katika wiki ya pili alianza kutapika na kukipa chakula kisogo. Nilidhani ugonjwa umezidi, na nakiri kwa aibu kwamba kwa siku tatu nilimshindilia kwa bidii zaidi dawa ileile iliyokuwa ikimtapisha. Siku ya nne nilipiga simu, na daktari akanibadilishia vidonge kwa dawa hiyohiyo ya kupaka upande wa ndani wa sikio, nikiwa nimevaa glovu kwa sababu hupenya ngozi ya binadamu pia. Kutapika kulikoma kabla juma halijaisha.

Kisha likaja la pili. Homoni zilipotulia, kiwango cha kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kilipanda katika damu, nikaambiwa figo si nzima. Niliilaumu dawa kwa wiki nzima, hadi nilipoelezwa kwamba homoni zikizidi husukuma damu nyingi kwenye figo, na hivyo figo dhaifu huonekana kana kwamba zinafanya kazi vizuri. Tezi ikitulizwa, udhaifu uliokuwepo tangu zamani hujitokeza. Sasa tunatafuta dozi ambayo itaituliza tezi bila kuzinyima figo damu, na kila nikimwona amejikunyata najiuliza ni lipi kati ya haya matatu linalomwelemea.

Naomba mueleze kwa kirefu. Kwa daktari tumekwenda na tutaendelea kwenda; ninachotafuta ni yale mliyoyaona kwa macho yenu.

Sharubu Tatu

Pole sana, mleta mada. Paka wangu dume naye alikuwa na tezi hiyo na alipewa dawa hiyo, ila yeye hakutapika hata mara moja. Alijikuna. Alianza mbele ya masikio, akashuka shingoni, na baada ya siku kumi alikuwa na vidonda vibichi pande zote mbili za uso. Nilipoteza muda mwingi nikimtafuta viroboto, nikafua matandiko yote, nikabadilisha chakula, nikamvisha kola ya kumzuia kujikuna ambayo aliigongesha kwenye kila mlango. Sikuwaza dawa kabisa, kwa sababu katika kichwa changu dawa husumbua tumbo, haiwashi uso.

Daktari alipomwona hakuuliza habari za viroboto. Aliuliza tarehe ya kidonge cha kwanza. Nilikuwa nayo kwenye boksi la dawa, na tulipohesabu zilikuwa siku 24. Alisema madhara mengi ya methimazoli hujitokeza ndani ya miezi 3 ya mwanzo, na kwamba kuwashwa uso hakufanani na kutapika: kutapika mara nyingi hutulia ukipunguza dozi au ukihamia dawa ya kupaka, lakini paka akianza kujichuna uso, kwa kawaida dawa yenyewe inaachwa. Tuliiacha kwa maelekezo yake, na baadaye alitibiwa kwa iodini yenye mionzi, sindano moja tu, ingawa ilibidi atengwe kwa siku kadhaa kwa sababu mionzi hutoka mwilini mwake na kwenye mkojo wake. Tangu hapo, kabla ya kufungua dawa yoyote mpya, naandika tarehe kwa kalamu ya wino juu ya boksi.

Usingizi Haba

Kwangu jibu lilichelewa kwa sababu dawa na ugonjwa vilikuwa na dalili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili.

Paka wangu alikuwa na uvimbe wa muda mrefu kwenye utumbo, akaharisha karibu mwaka mzima. Prednisoloni, dawa ya aina ya steroidi, ndiyo iliyomwokoa, na nitaitetea dawa hiyo mbele ya yeyote. Ndani ya wiki mbili choo kilikuwa kigumu na manyoya yakaanza kung'aa. Niliambiwa mapema kwamba atakula sana, atakunywa sana na atakojoa sana, kwa kuwa ndiyo tabia ya steroidi, kwa hiyo alipoanza kumaliza bakuli la maji kila siku sikushtuka. Hapo ndipo nilipotegwa. Miezi minne baadaye bado alikuwa anakula sana na kunywa sana, lakini nilipomnyanyua siku moja nilihisi uti wa mgongo. Paka anayekula sana kwa sababu ya steroidi hunenepa, na wangu alikuwa anakula sana na kukonda. Aliposimama, miguu ya nyuma ilishuka akawa anakanyaga hadi kwenye kisigino, kama sungura. Sukari ilikuwa imepanda vibaya. Dawa iliyoponya utumbo ilikuwa imemletea kisukari.

Nilitaka kuitupa ile steroidi siku hiyohiyo. Daktari alinikataza kwa ukali kidogo, na alikuwa na haki. Paka akitumia steroidi kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kazi ya kutengeneza homoni yake ya asili, na ukikata ghafla mwili hubaki hauna kitu. Tulipunguza taratibu kwa wiki kadhaa huku nikimchoma insulini kila baada ya saa 12. Kwa faida ya atakayefika huku, hakikisha bomba la sindano linalingana na chupa, maana kuna insulini ya yuniti 40 kwa mililita na kuna ya yuniti 100, na ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40 utampa mara mbili na nusu ya alichoandikiwa. Mimi sikukosea bomba, lakini asubuhi moja nilimchoma kabla ya kuona kama amekula, na hakula. Baada ya saa chache alikuwa anayumba na macho yake yananitazama bila kuniona. Nilimpaka asali kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo asije akapaliwa, tukakimbilia kwa daktari. Alipona. Steroidi ilipokwisha mwilini sukari ilianza kushuka yenyewe, dozi ikapunguzwa mara kwa mara, na baada ya miezi mitatu akaacha insulini kabisa. Utumbo sasa unashikiliwa na chakula maalumu.

Kwa hiyo kigezo changu ni mizani. Ninatumia ya kupimia watoto wachanga, kila Jumapili asubuhi kabla hajala. Kwa paka wa kilo 4, gramu 200 ni asilimia 5 ya mwili wake, na jicho linalomwona kila siku haliwezi kuziona.

Kidonge Kikavu

Langu ni fupi. Paka alikuwa na mafua yasiyoisha, akapewa vidonge vya doksisaiklini, dawa ya bakteria. Nilikuwa hodari wa kumpa kidonge: naweka nyuma ya ulimi, nafunga mdomo, nasugua koo, basi. Baada ya siku sita alianza kumeza kwa shida na kurudisha chakula punde tu anapokila. Nilidhani mafua yamehamia kooni. Kumbe kidonge kilikuwa kinakwama kwenye umio na kuuchoma, na paka wengine hupata kovu linaloziba njia kabisa. Wangu aliwahiwa. Hakuna aliyeniambia kwamba kila kidonge, hasa hicho, kinapaswa kufuatwa na mililita 5 au 6 za maji kwa bomba lisilo na sindano, au na kijiko cha chakula laini. Nimeambiwa kila kitu isipokuwa hicho.

Mlezi wa Machungwa

Mimi nilimuuguza paka wa miezi tisa, wa rangi ya machungwa, aliyepatwa na FIP, ule ugonjwa unaotokea pale virusi vya korona vya paka, ambavyo kwa wengi huleta kuharisha tu, vinapobadilika ndani ya mwili. Tumbo lake lilijaa maji na homa haikushuka kwa dawa za bakteria. Zamani utambuzi huo ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2019, Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipochapisha utafiti wao wa dawa iitwayo GS-441524 kwa paka 31, ambapo 26 walikamilisha angalau wiki 12 za matibabu. Ndiyo maana tunahesabu siku 84. Mimi nilizihesabu kwa kukata mistari mlangoni mwa kabati.

Homa ilikwisha ndani ya siku tatu. Kilichofuata kilikuwa sindano, kila siku, chini ya ngozi, za dawa yenye asidi ambayo inauma wakati wa kuingia. Alilia. Wiki ya tatu alikuwa na vidonda viwili mgongoni na alikuwa anaijua sauti ya droo ninamohifadhi mabomba, akiisikia tu anaingia nyuma ya friji. Nilijifunza kuandaa dawa akiwa amelala chumba kingine, na nikaacha kabisa kumchoma karibu na bakuli lake, kwa sababu alikuwa ameanza kuliogopa bakuli.

Sasa nije kwenye swali. Siku ya 31 aliamka akichechemea mguu wa nyuma wa kulia, nami nikahisi dunia imeniinamia, maana ugonjwa huu huweza kupanda kwenye mishipa ya fahamu na kuleta kuyumba na hata kupooza. Nilimpima joto: nyuzi 38.6, la kawaida kabisa. Alikula. Alipanda kitini. Nilipompapasa taratibu nikakuta uvimbe mgumu upande uleule wa kulia niliomchoma siku mbili mfululizo kwa uzembe. Daktari alimchunguza miguu yote na kuthibitisha kuwa mishipa ni mizima, na wiki ya saba akatuhamishia vidonge. Kwa hiyo kwangu kipimajoto, hamu ya kula na mkono wangu ndivyo vilivyotoa jibu. Ugonjwa ulikuwa ukimchukua mwili mzima, na sindano zikimwumiza mahali pamoja.

Jambo moja la pembeni: wakati wa ile homa ya mwanzo, mtu wa nyumbani kwangu kwa nia njema alikuwa ameshavunja nusu kidonge cha parasetamoli ampe. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha dawa hiyo, na nusu kidonge inatosha kumuua. Nilifika jikoni kwa wakati.

Usingizi Haba

@Mlezi wa Machungwa, umenikumbusha lile la kuogopa bakuli. Wangu nilimchanganyia dawa kwenye chakula akipendacho, na tangu siku hiyo hajakigusa tena, hata sasa ambapo hana dawa yoyote.

Kimya Dirishani

Nimesita kuandika kwa sababu wangu hayupo tena. Alikuwa na ugonjwa wa figo kwa miaka miwili na miezi mitatu. Nilimpa maji chini ya ngozi nyumbani, mililita 100 kila baada ya siku moja, na mara ya kwanza nilipoona maji yameshuka na kuvimbisha mguu wa mbele nilipiga simu usiku wa manane. Ni kawaida, hunyonywa taratibu. Hayo mtayazoea.

Yaliyonisumbua ni ya mirtazapini, dawa ya kuongeza hamu ya kula. Alikula siku ileile, nami nililia kwa furaha. Usiku alitembea chumba hadi chumba akilia, akitetemeka kidogo, hataki kushikwa. Nilifikiri sumu za figo zimefika kichwani na kwamba ndiyo mwisho. Ilikuwa dozi. Figo zisipofanya kazi vizuri dawa hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida, na daktari alipoipanga iwe siku moja ampe, siku moja apumzike, makelele yaliisha na ulaji ukabaki. Tulipata miezi minane mizuri kwa badiliko hilo peke yake, na alirudi kukaa dirishani kwake.

Mwisho ulipokuja haukufanana na dawa. Dawa ilikuwa na saa zake: alibadilika baada ya dozi, akatulia dozi ilipopita. Wakati huu hapakuwa na saa. Aliacha kujilamba, akalala kando ya bakuli la maji bila kunywa, na nilipomwita kwa jina alitikisa ncha ya mkia tu. Tulijaribu dawa ya kichefuchefu kwa siku mbili, hakuna kilichobadilika. Nilimwomba daktari aje nyumbani, na siku ile sikumpa dawa yoyote asubuhi. Alikaa mapajani mwangu bila kuniangalia mikono kama nimeshika kitu.

Mleta mada

Kimya Dirishani, pole sana, na nakushukuru kwa kuandika. Hilo la dawa kuwa na saa zake limenifanya nifungue daftari usiku huuhuu.

Nimepanga safu za saa ya dawa, saa ya chakula na saa ya kujikunyata, nikajaza siku tisa zilizopita kwa kadiri ninavyokumbuka na kwa picha zilizomo kwenye simu. Kujikunyata kunatokea karibu kila mara asubuhi na mapema, wakati dawa ya jioni imekwisha kupita na tumbo ni tupu, na siku ambazo nilimpa chakula kidogo kabla ya kulala hakuna alama. Huenda ni kichefuchefu cha figo. Nitampelekea daktari daftari lenyewe keshokutwa, siku ya kurudia kipimo cha damu. Leo amepima kilo 3.8.