Bia kwenye ukumbi wa watoto: gumzo la kikundi cha majirani

Mama Ilham: Habari za jioni majirani. Mmeliona tangazo lililobandikwa mlangoni pa ukumbi wa michezo ya watoto? Wanaomba leseni ya kuuza bia na mvinyo, pale pale wanapokaa wazazi. Maoni ya wakazi yanapokelewa hadi Ijumaa.

Bi Zuhura: Pombe? Pale penye bembea na bwawa la kuogelea?

Baba Neema: Hapo hapo, bibi. Na mimi naunga mkono, nisiwafiche 😄

Mama Ilham: Nilijua tu.

Baba Neema: Nisikilizeni basi. Sherehe ya kuzaliwa inachukua saa mbili, tatu. Watoto wanaruka, wimbo ni ule ule mpaka kichwa kinagonga, sisi tumekaa kwenye viti vya plastiki tunatazamana. Mtu mzima akinywa bia moja, kosa liko wapi? Mbona kwenye harusi tunakunywa na watoto hao hao wanatupita miguuni?

Bi Zuhura: Harusi ni ya wakubwa, mtoto kaja na mzazi wake. Pale ni kwa watoto, wewe ndiye uliyefuatana.

Mwalimu: 😂😂 Bi Zuhura, shikamoo.

Bi Zuhura: Marahaba, mwalimu. Tuambie wewe uliyesoma.

Mwalimu: Jambo hili limewasumbua hata wakubwa wa biashara hiyo. Disneyland, ile bustani kubwa ya michezo ya California, ilifunguliwa mwaka 1955 bila kuuza pombe kwa umma. Mwaka 1967 wakafungua klabu ya wanachama humo ndani, wenye kadi zao wakinywa, lakini mgeni wa kawaida hakuuziwa kileo ndani ya bustani hadi 2019.

Baba Neema: Na ya Paris je? Mbona hiyo umeiruka, mwalimu?

Mwalimu: Sijairuka, nilikuwa naandika 🙄 Ya Paris ilifunguliwa 1992 kwa sharti lile lile. Wafaransa wakalalamika kwamba wananyimwa mvinyo mezani. Mwaka uliofuata ukaruhusiwa.

Baba Neema: Asante. Sina la kuongeza.

Kocha: Ninalo mimi. Kwenye bustani kubwa kama hizo, mtoto akipanda chombo kuna mfanyakazi wa kumfunga mkanda na kufunga geti, na chombo hakiondoki mpaka amehakikisha. Huku kwetu ukiingia tu unaona bango: "Mzazi ndiye mwangalizi wa mtoto wake." Wafanyakazi wao wanakata tiketi na kupanga viatu. Kwa hiyo mnayetaka kumuuzia bia ndiye mlinzi wa zamu.

Mama Ilham: Hapo umesema, kocha.

Baba Neema: Bia moja hailevyi mlinzi.

Dada Nesi: Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma kuanzia juu. Baba Neema, tupige hesabu. Chupa ndogo ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina gramu 13 hivi za alkoholi. Ini linaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na wala haliharakishwi na kahawa wala maji baridi. Mtu akinywa tatu kwenye sherehe ya saa mbili, anapowaita watoto wavae viatu karibu nusu ya alkoholi ile bado imo mwilini, pengine zaidi.

Baba Neema: Nilisema MOJA. Nani kataja tatu?

Mama Neema: Mimi naitaja. Na kurudi nyumbani anaendesha nani?

Mama Ilham: 😂😂😂

Mwalimu: Mwenye nyumba kaingia, tusogee.

Baba Neema: Mke wangu, haya si tungeyaongea chumbani?

Mama Neema: Umeyaanzisha kikundini, tutayamalizia kikundini. Watoto wanne kiti cha nyuma, wawili si wetu. Anaendesha nani?

Baba Neema: Wewe 😇

Mama Neema: Kwa hiyo mimi nikae bila kunywa, niangalie wanne bwawani, halafu niwe dereva wa watano. Sherehe nzuri sana hiyo.

Dada Nesi: Tusitoke bwawani kwanza, ndiko kunakonitisha zaidi. Watu wanangoja kusikia kelele. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, maana mdomo uko kwenye maji na mikono haina nafasi ya kupunga. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtu anayemwangalia mtoto mdogo majini awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, asiwe amekunywa, na asiwe anashika simu.

Baba Neema: Ahaa! Simu! Basi zipigwe marufuku nazo. Nitajieni mzazi mmoja wa kikundi hiki asiyechezea simu pale bwawani. Bia mnaiona kwa sababu inakaa kwenye glasi.

Kocha: Hilo nakubaliana nalo kabisa. Nilipokuwa mwokoaji bwawani, filimbi nilikuwa nawapulizia wenye simu kuliko waogeleaji. Ila simu ukimwita mtu anainua kichwa, anakuwa mzima palepale. Pombe haiwekwi mfukoni. Halafu inamdanganya mwenyewe, anajiona yuko makini kumbe kila kitu anakipata kwa kuchelewa.

Mama Ilham: Kwani wenye ukumbi wanaitakia nini? Watoto wanajaa pale siku zote.

Kocha: Wanajaa wikendi. Jumatatu mpaka Alhamisi pako tupu, na bwawa linahitaji dawa na umeme pawe na watu pasiwe na watu. Kinywaji cha mtu mzima kina faida kuliko tiketi ya mtoto, ndiyo hesabu yao. Siwalaumu.

Bi Zuhura: Mimi nawalaumu. Tena mnazungumza maini na magari, la kwangu hamjalisema. Mtoto ana siku yake moja, kaimba, kazima mishumaa. Akigeuka anaona furaha ya wakubwa iko kwenye chupa. Hata siku yake mwenyewe haitoshi kuwafurahisha bila kileo?

Mama Neema: Bibi 🙏🏾

Baba Neema: Bibi, kwa heshima zote, mtoto anayemwona baba yake akinywa moja na kuacha anajifunza kuacha. Anayefichwa ndiye anayeenda kuitafuta mwenyewe.

Bi Zuhura: Basi mfundishe kuacha huko kwako. Kwa nini darasa liwe kwenye sherehe ya mtoto wangu?

Mwalimu: Na barua yetu isiseme "hatupendi pombe". Itawekwa kando. Sheria ya leseni ya Uingereza na Wales ya 2003 ina malengo manne, na moja ni kuwalinda watoto wasidhurike. Ile ya Scotland ya 2005 ikaongeza afya ya umma. Sheria zetu si hizo, ila mtoa leseni yeyote ataelewa hoja ya namna hiyo: nani anaangalia bwawa, nani anaendesha, na mlevi akizua fujo kati ya watoto nani wa kumtoa. Yule wa viatu?

Dada Nesi: Na tusiingize habari za pombe kuleta saratani, ingawa ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Lakini hiyo inahusu kila baa, watatuuliza kwa nini tumeanza na huu ukumbi peke yake.

Mama Ilham: Sasa tunataka nini hasa? Wasiuze kabisa?

Kocha: Mimi ningesema wasiuze saa zote ambazo watoto wamo. Wakitaka kuugeuza ukumbi wa watu wazima usiku, bwawa limefungwa na geti limefungwa, wauze. Watapata hiyo faida yao ya siku za kazi.

Bi Zuhura: Mimi ningeandika wasiuze kabisa. Lakini andikeni la kocha, nitatia sahihi.

Mama Neema: Natia sahihi.

Dada Nesi: Nami.

Baba Neema: Mimi hapana. Nitaandika yangu: iruhusiwe kwenye meza za mbali na bwawa, isizidi moja kwa kila mtu, mhudumu aandike kwenye bangili ya mkononi.

Kocha: Hilo la bangili si baya. Ila mhudumu wa kusimamia bangili wakimpata, wamweke kwanza bwawani.

Mwalimu: Baba Neema, peleka yako kwa jina lako. Maoni yanapokelewa ya kila mkazi.

Mama Neema: Na bahasha moja isitumike kwa barua zote mbili.

Mama Ilham: 😂 Haya, mwalimu aandike, aitume hapa kesho mchana tuisome. Nani ana printa inayofanya kazi?

Baba Neema: Mimi ninayo. Kurasa ngapi?